Kabla Baba Hajauza Shamba

Wahandisi vijana wanaotaka shahada ya uzamili ya uhandisi wa nguo huuliza kwanza, "Wapi ni nafuu?" Ni swali la haki. Kosa huja pale kijana anapotazama ada peke yake, kisha akampelekea mzazi hesabu nusu.

Chukua Ujerumani. Vyuo vikuu vya umma vingi havitozi ada, na Aachen na Dresden zina taasisi kubwa za utafiti wa nguo. Kijana anasikia "bure", anakimbilia nyumbani na habari njema. Hasemi kwamba ili apate viza ataonyesha zaidi ya yuro 11,000 za kujikimu kwa mwaka mmoja. Akichagua Reutlingen, mji maarufu kwa masomo ya nguo, yuko katika jimbo la Baden-Württemberg, ambalo tangu 2017 linawatoza wanafunzi wengi wa nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kila muhula. Shamba linauzwa kwa neno "bure", ukweli unatoka kidogo kidogo baadaye. Huko ni kumdanganya mzazi, hata kama ulilomwambia lilikuwa kweli.

Ufadhili wa serikali ya China, unaopatikana pia Donghua, chuo cha Shanghai kilichoanza 1951 kwa ajili ya nguo, hulipa ada, malazi na posho. Nauli mara nyingi ni juu yako. Omba mwenyewe. Anayetaka umlipe ili "akuhakikishie nafasi" anauza kitu asichokuwa nacho.

Wala usidharau karibu. Bahir Dar nchini Ethiopia ina taasisi nzima ya nguo. Chuo Kikuu cha Moi nchini Kenya kilinunua kiwanda cha nguo cha Rivatex, Eldoret, mwaka 2007, na hapo ndipo penye jambo ninalotaka ulishike. Fani hii haisomwi kwa vitabu tu. Unyevu ukishuka katika chumba cha kusokota, nyuzi huanza kukatika, na mhandisi lazima awe amesimama pale akitafuta sababu. Lazima aone rangi ikikataa kushika pamba, na ajue maji yale machafu yanakwenda wapi yakitoka kiwandani. Shahada ya bei ndogo isiyokufikisha kwenye mashine ni ghali mno.

Kwa hiyo uliza: mashine zipi zinafanya kazi leo? Mwanafunzi wa uzamili anaruhusiwa kuzitumia yeye mwenyewe? Wanafunzi waliotangulia walichukua muda gani kumaliza tasnifu? Waulize wao pia, si msimamizi peke yake. Na kabla hujamwandikia profesa, soma kazi yake walau moja. Barua ileile iliyotumwa kwa watu arobaini inajulikana kwa mstari wa kwanza, na ni kumkosea adabu mtu unayemwomba miaka yake miwili.

Mwajiri au mfadhili akikupa mkataba wa kurudi kufanya kazi nyumbani, usome wote. Kama moyoni hukusudii kurudi, usitie saini. Nafasi hiyo ingempata mwingine ambaye angerudi, na viwanda vyetu vinamhitaji.

Ukishapata majibu, kaa na wazazi, andikeni pamoja kila kitu: viza, bima, nauli, pango, na miezi ya ziada tasnifu ikichelewa. Jumla ikiwazidi, waambie hivyo wewe, usingoje wagundue wenyewe, kisha omba tena mwaka ujao.