Mpeleke Leo!

Ndugu yangu, unajua! Unaijua nyumba inayouza kete za heroini mtaani kwenu. Unaijua maskani wanakolala mateja. Unajua ni nani aliyebeba sufuria za jikoni mwako akaenda kuziuza kwa bei ya bure. Unajua yote hayo, na bado umekaa barazani unabishana: dawa za kulevya zihalalishwe, au marufuku ikazwe?

Bishana, lakini arosto haingoji! Saa hii kamasi zinamchuruzika mwanao, mifupa inamuuma, tumbo linamkata. Kabla ya jua kuzama ataiba apate kete, au atapigwa na watu wenye hasira, au atajidunga kwa sindano iliyotoka kwenye mshipa wa mwenzake. Ukimwi haungoji mmalize ubishi! Homa ya ini haingoji! Kaburi halingoji!

Wewe unayepiga kelele, "Wafungwe wote!" nisikilize. Mwaka 1971 Rais Nixon wa Marekani alitangaza kwamba dawa za kulevya ni adui namba moja wa taifa lake. Zaidi ya miaka 50 imepita. Magereza yamejaa, na adui bado yupo. Mwaka 2014 manowari ya Australia ilinasa zaidi ya tani moja ya heroini nje ya pwani ya Kenya. Mwaka 2019 mlanguzi wa dawa za kulevya, Baktash Akasha wa Mombasa, alihukumiwa New York kifungo cha miaka 25. Vyema! Mapapa wanaswe, washitakiwe, wafungwe! Lakini muulize mama wa Kisauni, hukohuko Mombasa: kete zimeisha? Mwanawe ameacha? Naye analala usiku?

Na huyo teja unayemfunga, unadhani umemtibu? Anakaa ndani, mwili unausahau unga. Siku anayotoka anakimbilia kijiweni, anajidunga kipimo chake cha zamani, na pumzi inakatika. Ulitaka ajifunze, umemzika!

Nawe unayesema, "Halalisheni, kama Ureno!" nisikilize pia. Ureno haikuhalalisha! Tangu Julai 2001, mtu akikutwa na kiasi kisichozidi matumizi yake ya siku 10, haendi gerezani. Anaitwa mbele ya kamati, anaulizwa hali yake, anaonyeshwa njia ya tiba. Anayeuza anafungwa mpaka leo. Usichukue nusu ya habari ukaifanya hoja!

Itazame Oregon, kule Marekani. Mwaka 2021 jimbo hilo liliacha kumfunga mtu kwa kukutwa na kiasi kidogo cha dawa. Fedha za tiba zikachelewa, watu wakavuta hadharani, wananchi wakachoka, na mwaka 2024 adhabu ikarudishwa. Walifunga mlango wa gereza kabla hawajafungua wa hospitali!

Basi chagua! Anayeuza abanwe. Anayeumwa atibiwe. Anayetibiwa apokewe nyumbani. Wala usiniambie hujui tiba iko wapi!

Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni, dawa ya kunywa inayozuia arosto, mwaka 2011. Leo iko Mwananyamala, iko Temeke, iko Tanga, iko Unguja, iko Malindi. Nenda asubuhi ukajionee! Wamepanga foleni, vijana na watu wazima, wengine na makovu ya sindano mikononi. Mmoja anafika dirishani, anapewa dawa kwenye kikombe kidogo, anakunywa mbele ya mhudumu, anasema neno moja mawili ili ionekane amemeza. Kisha anashika njia kwenda kwenye shughuli zake. Arosto haimgusi mpaka kesho. Haibi leo! Hajidungi leo! Hafi leo!

Ni bure. Lakini si ya siku moja, na asikudanganye mtu! Atakwenda kila siku, mwezi baada ya mwezi, pengine mwaka baada ya mwaka. Atateleza, mwinue. Atakata tamaa, mfuate. Atasema amepona kabla hajapona, mrudishe.

Na wewe, unangoja nini? Unasema, "Msikitini watasema nini? Kanisani watasema nini? Ukoo utasema nini?" Wameshasema! Wanajua tangu zamani! Aibu unayoificha inajulikana mtaa mzima. Aliyebaki kufichwa ni mgonjwa tu, humtaji kwa mtu, huku ukiomba Mungu atende. Mungu amekupa miguu: simama! Amekupa mdomo: sema! Amekupa leo: itumie!

Wabunge waandike sheria, nawe uwabane waiandike vizuri: kifungo kwa mfanyabiashara wa unga, tiba kwa mraibu, kituo cha methadoni katika kila mji wenye mateja. Waulize kwenye mikutano! Waulize wakija kuomba kura! Waulize mpaka wajibu!

Lakini usimwache mwanao maskani ukingoja kura zihesabiwe. Inuka! Nenda pale unapopajua, mwite kwa jina lake ulilompa, usimwite teja. Mnyweshe maji, mvike shati safi, panda naye daladala mpaka kituo cha methadoni, keti naye kwenye benchi mpaka aitwe. Akikataa leo, rudi kesho asubuhi. Akikataa kesho, rudi kesho kutwa. Yu hai, na dirisha la dawa liko wazi. Mpeleke leo!