Tumwulize Kwanza, au Tumtibu Kwanza?

Liko jambo ambalo katika sharika zetu hunenwa kwa sauti ya chini, wala halifiki barazani. Ni jambo la kutoa mimba. Kwa kuwa halinenwi, wengi hulijua nusu nusu. Na ajuaye nusu huhukumu upesi. Basi twataka kulitazama kwa kuuliza swali moja: mwanamke akiletwa kwetu anatokwa na damu, nasi twashuku kwamba mimba imeharibiwa kwa makusudi, wajibu wetu wa kwanza ni upi?

Tuweke mfano. Wasomaji wa Kigoma waijua Mtendeli, katika nchi ya vilima iliyokuwa ya wilaya ya Kibondo, na tangu mwaka 2012 ni ya wilaya ya Kakonko. Januari 2016 wakimbizi wa Burundi walipewa mahali huko, kwa sababu kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilikuwa imejaa mno. Wakakaa hata mwisho wa mwaka 2021, kambi ilipofungwa na watu wakahamishiwa Nduta. Katika makambi ya namna hii wanawake ndio waendao porini kutafuta kuni, na tangu zamani porini ndiko walikoviziwa. Mwaka 2000 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya wanawake wa Burundi waliobakwa na kupigwa katika makambi ya Tanzania.

Tuseme, basi, msichana mmoja wa kambi kama ile alishikwa kwa nguvu porini, akanyamaza kwa aibu. Baada ya miezi mitatu mama yake amkuta amelala juu ya mkeka uliolowa damu, mwili wawaka moto. Jirani mmoja asema, "Apelekwe hospitali." Mwingine asema, "Asipelekwe kabla hajakiri alichofanya, na nani alimsaidia. Tusije tukashiriki dhambi yake."

Yupi katika hao wawili amesema kweli?

Kwanza tujue mambo yalivyo, maana mambo matatu huitwa kwa jina moja. La kwanza ni mimba kuharibika yenyewe. Katika mimba kumi zijulikanazo, moja au zaidi huishia hivyo bila kosa la mtu. La pili ni mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi. Hiyo haiwezi kufikia kuzaliwa, na mrija ukipasuka mama hufa kwa damu imwagikayo ndani. La tatu ni mimba iliyotolewa kwa makusudi. Hata tabibu mara nyingi hawezi kupambanua la kwanza na la tatu kwa kutazama, kwa kuwa damu ni ile ile, na matibabu ni yale yale. Zamani mfuko wa uzazi ulikwanguliwa kwa chuma. Siku hizi Shirika la Afya Duniani lashauri kunyonya kwa bomba, au kutumia dawa kama misoprostoli, ikazayo misuli ya mfuko ili utoe yaliyobaki. Njia hizo hutoa mimba, na njia hizo hizo huokoa aliyeharibikiwa na mimba. Chombo, basi, hakina hatia wala haki. Vyatoka kwa mtu na kusudi lake.

Lakini wengi wanaojificha hawapati chombo hicho. Hutumia kijiti cha muhogo, au majivu, au sabuni ya kufulia. Mfuko hutoboka, sumu huingia katika damu. Wala wanaojificha si wachache: wataalamu walikadiria kwamba katika mwaka 2013 mimba zilizotolewa Tanzania zilikuwa karibu 405,000.

Tena tujue sheria. Kanuni ya Adhabu, iliyoanza kutumika mwaka 1945, yampa amtoaye mwingine mimba kifungo kifikacho miaka 14, na mwanamke ajitoaye mwenyewe miaka 7. Kanuni hiyo hiyo, katika kifungu cha 230, haimhesabii hatia afanyaye upasuaji kwa nia njema na kwa uangalifu, ili kuokoa uhai wa mama. Na kumtibu mwanamke ambaye mimba yake imekwisha kuharibika, kwa sababu yo yote, si kosa. Ni huduma itolewayo wazi katika hospitali za serikali na za makanisa.

Basi twamjibu yule jirani wa pili. Mlevi akianguka akavunjika mguu, je, twamhubiri juu ya pombe kabla ya kuufunga mguu? Mwizi aliyepigwa na umati, je, tabibu amwacha mpaka ataje aliyoiba? Yule Msamaria wa njia ya Yeriko hakumwuliza majeruhi kwa nini alipita peke yake mahali pa hatari. Kumtibu mtu si kuyakubali aliyoyatenda. Lakini kumzuilia matibabu mpaka akiri ni kuifanya toba kuwa bei ya uhai, nayo haijapata kuuzwa hivyo. Tena swali lile haliishii kwake. Wasichana wote wa mtaa hulisikia, na wa pili akipatwa na neno hilo atajificha mpaka afe.

Liko swali gumu kuliko hilo: msichana yule angalifika mapema, na kuomba mimba ya ubakaji itolewe? Mkataba wa Maputo wa mwaka 2003, ulioridhiwa na Tanzania mwaka 2007, wazitaka serikali kuruhusu jambo hilo. Kanuni ya Adhabu haikubadilishwa kulitaja. Hata Wakristo hawana neno moja. Sisi twaamini kwamba aliye tumboni si kitu cha kutupwa. Lakini hatuthubutu kumwambia aliyebakwa kwamba mzigo wake ni mwepesi. Amwambiaye, "Uuchukue," na auchukue pamoja naye, kwa chakula, kwa malezi, na kwa kumtunzia heshima mbele ya watu. Asiyekuwa tayari kwa hayo, na anyamaze. Na walimu wa sharika wajue hili: aliyebakwa akifikishwa hospitali upesi, kabla ya saa 72 kupita, aweza kupewa dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI, na dawa za kuzuia mimba isitunge. Aibu ya siku tatu yaweza kumletea shida ya maisha yote.

Mwisho twajigeukia wenyewe. Mara nyingi msichana akionekana ana mimba, hutengwa na Meza ya Bwana, naye husimama mbele ya usharika ili arudi kundini. Na kijana aliyempa mimba bado aimba katika kwaya. Shuleni napo, hata Novemba 2021, mwenye mimba alifukuzwa, wala hakuruhusiwa kurudi shule ya serikali baada ya kuzaa. Twashangaaje, basi, akichagua kijiti cha muhogo? Kijiti alikishika yeye, lakini hofu iliyomtuma tuliilea sisi.

Kwa hiyo twawasihi wazee na wainjilisti: mkiitwa usiku kwa ajili ya mwanamke anayetokwa na damu, tafuteni machela, au baiskeli, au gari, maswali yangoje. Akipona, atakuwa na siku nyingi za kusema na Mungu wake, na pengine nasi pia, akiona ya kuwa tulimpeleka kabla ya kumwuliza.