Namba E ya Foshan

Kariakoo, mtu akikwambia gari lake ni "namba E", hana haja ya kueleza zaidi. Herufi ile, ya kwanza katika zile tatu za mwisho, inatangaza kwamba gari limesajiliwa juzi tu, na dalali hupandishia bei hapo hapo. Kama limetoka Arusha au Mtwara, kibao hakisemi. T ya mwanzo ni ya Tanzania Bara nzima.

Kijana mmoja muuza nguo za watoto alikwenda nayo elimu hiyo hadi Guangzhou. Alikuwa na siku sita za kuzunguka masokoni, akaonyeshwa magari mawili ya abiria saba yaliyofanana kama mapacha. La kwanza lilikuwa na kibao cha buluu kilichoanza na 粤A; la pili 粤E, na dereva wake alitaka pesa pungufu.

"Jipya ni hili, namba E," alisema.

Mama mmoja wa Kizanzibari, mzoefu wa safari zile, akamwonya: "Mwanangu, huku herufi haihesabu umri. Inataja mji."

"Ah, mama, E ni E." Akalipa siku zote sita.

Mama alisema kweli. Alama ya kwanza ni ufupisho wa jina la jimbo: 粤, isomwayo Yue, ni Guangdong, 京 ni Beijing, 沪 ni Shanghai. Herufi ya Kilatini inayofuata hutaja mji ndani ya jimbo, na A kwa kawaida ni makao makuu. Basi 粤A ni Guangzhou, 粤B ni Shenzhen, 粤E ni Foshan, mji jirani.

Na jirani huyo ana mipaka yake. Tangu 2012 Guangzhou hugawa vibao vipya vya magari madogo kwa bahati nasibu na mnada, ili kupunguza foleni. Kama kila aliyekosa angesajili Foshan na kurudi kuendesha mjini, udhibiti huo ungekuwa kazi bure. Ndiyo maana kuanzia 1 Julai 2018 gari dogo la abiria lenye kibao cha mji mwingine likaruhusiwa kuzunguka katikati ya Guangzhou siku nne mfululizo, kisha likae nje siku nne. Beijing nako gari la ugenini huombewa kibali. Vibao husomwa na kamera, na kamera haibembelezwi.

Siku ya tano asubuhi dereva akagoma kuvuka mpaka. Hakuwa tapeli: alidhani siku mbili za mwisho ni za Foshan, kwenye maduka ya vigae na samani, wanakokwenda wageni wengi. Kijana alikuwa na marobota yaliyosambaa katika masoko matatu ya Guangzhou, na kontena alilochangia na wenzake lilikuwa linafungwa jioni ile. Alikimbizana na teksi mchana kutwa. Marobota mawili yakabaki, na pesa ya siku mbili haikurudi.

Wewe unayejiandaa kwenda, omba picha ya kibao kabla hujatuma advansi, kisha mweleze dereva, mji kwa mji na siku kwa siku, unakotaka kufika.