Deni la Glavu

Hospitali ziliingia Kampala kwa mlango wa huruma. Mwaka 1897 daktari Mwingereza, Albert Cook, alianzisha ya Mengo chini ya misheni ya Kianglikana. Wakatoliki wakafungua ya Rubaga mwaka 1899, kisha ya Nsambya mwaka 1903. Kila misheni na kilima chake, kila kilima na wodi yake. Aliyetibiwa huko alikuwa na mengi ya kushukuru. La kudai hakuwa nalo, kwa sababu hakuna aliyekuwa amefungwa na ahadi ya kumtibu. Walimtibu kwa kuwa walipenda, au kwa kuwa Mungu wao aliwatuma.

Historia hiyo hunijia kila ninapomsoma Joel Feinberg. Mwanafalsafa huyu wa Marekani, katika makala aliyoitoa mwaka 1970, alibuni mji wenye watu wema kupindukia: wapole, wakarimu, wepesi wa kusaidiana. Kitu kimoja tu akakiondoa, nacho ni haki. Hakuna mtu katika mji ule anayeweza kusimama akasema hiki nastahili, nipeni. Kisha akauliza mji huo umepungukiwa na nini. Jibu lake ni kwamba wakazi wake hawana namna ya kudai, na mtu asiyeweza kudai chochote kwa wenzake ni vigumu hata kujiheshimu. Darasani tulibishana kama mji wa namna hiyo ungeweza kuwapo kweli. Ubishi huo ulinishangaza kidogo, maana dirisha lilikuwa wazi.

Kilima cha Makerere, ninakosomea sheria, kinatazamana na kilima cha Mulago, penye hospitali kubwa ya rufaa ya taifa. Bondeni katikati yake pamebanana Katanga, mtaa wa mabati na mitaro michafu. Ukisimama juu unaviona vyote kwa mara moja: wanaofundishwa maana ya haki, wanaotoa tiba, na wale ambao mambo hayo mawili yanawahusu kuliko sisi wote.

Machi 2001, siku chache kabla ya uchaguzi wa rais, serikali ya Museveni ilifuta malipo katika vituo vya afya vya umma, ikabakiza wodi za kulipia katika hospitali kubwa. Watu walimiminika, na maskini ndio walioongezeka zaidi. Hata hivyo, watafiti waliokuja kupima baadaye walikuta kwamba kaya maskini ziliendelea kulemewa na gharama za matibabu karibu kama zamani. Dawa zilipoisha kituoni, mgonjwa alizifuata dukani. Wapo wanaosema ile ilikuwa zawadi ya kampeni. Mimi nia ya mwanasiasa hainisumbui, na kama kura ndizo zilizofungua milango ya zahanati, basi kura zilifanya kazi yake. Kinachonisumbua ni kwamba zawadi haina mdaiwa. Dawa zikikosekana, yule aliyetibiwa bure jana atamshika nani shati?

Mwaka jana nilimsindikiza rafiki yangu wa Masaka kwenye kituo kimoja cha serikali hapa mjini. Shangazi yake alikuwa amemleta binti yake ajifungue. Nesi akataja vitu vya kununua: glavu, pamba, wembe, na kavera, ile plastiki ya kutandika kitandani. Duka la dawa lilikuwa ng'ambo ya barabara. Shangazi akatoa pesa kwenye mkanda wa gomesi, akaenda, akarudi, akakabidhi mfuko, kisha akainama kidogo na kusema, "Webale nnyo, musawo," yaani asante sana, daktari. Mimi ni wa Bukoba, Tanzania, na Kihaya changu na Kiganda ni ndugu, sikuhitaji mkalimani. Nikachemka moyoni. Unamshukuruje mtu kwa glavu ulizozinunua mwenyewe?

Tuliporudi Kikoni, tunakoishi, nilimwambia rafiki yangu vile vile. Hakukasirika.

"Wewe ukimaliza mitihani unapanda basi la mpakani Mutukula," alisema. "Sisi nesi yule tutamrudia. Mtoto atahitaji chanjo."

Sijaacha kulifikiria jibu hilo. Shangazi hakushukuru kwa ujinga. Asante yake ilikuwa malipo ya bima: alikuwa akijiwekea akiba ya uso mzuri kwa siku atakayorudi. Na nesi naye hawezi kutoa kisichofika stoo. Ukimkaripia yeye unakaripia mlango wa nyumba ambayo mwenyewe hayupo. Hasira yangu ilikuwa rahisi kwa sababu nina pa kwenda. Lakini sikubali kwamba kwa hiyo haina maana. Mgeni huona kitu ambacho mwenyeji amekizoea, na mwenyeji anajua gharama ya kukisema. Hapo pana kazi ya watu wawili.

Ugeni wenyewe una maswali yake. Nyumbani nilikuwa na kadi ya bima ya afya ya NHIF ya mwanafunzi, shilingi 50,400 kwa mwaka. Ukivuka Mutukula kadi ile ni plastiki tu. Ikiwa nastahili kutibiwa kwa kuwa ni binadamu, mbona ubinadamu wangu unagongewa muhuri mpakani? Uganda imelijibu swali hili vizuri kuliko nchi nyingi tajiri. Ina wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, na kule Nakivale Wakongo, Wanyarwanda na Wasomali hupanga foleni moja na wanakijiji wa Isingiro. Hapa Kampala Kiswahili changu hunifanya nidhaniwe Mkongo, na wazee wengine huwakumbusha wanajeshi wa zamani waliokizungumza, lakini sijawahi kuulizwa uraia kwenye dirisha la kituo cha umma. Kweli ni kwamba mara nyingi tunachogawana ni upungufu. Bado foleni ni moja, na hilo si jambo dogo.

Huja pia wanafunzi wa Marekani kusomea afya ya jamii, madaftari mkononi, na huuliza maswali mazuri. Wanatoka nchi iliyotia saini Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni mwaka 1977 na mpaka leo haijauridhia. Uganda ilijiunga nao mwaka 1987, Museveni akiwa na mwaka mmoja tu tangu aingie Kampala kwa mtutu. Huwa natamani wahojiwe wao.

Katiba ya Uganda ya 1995 haikuiweka afya katika sura ya haki kama ilivyofanya ya Kenya ya 2010 katika kifungu cha 43. Huduma za tiba zimetajwa kwenye malengo ya taifa, mwanzoni kabisa. Pengo hilo ndilo lililopelekwa mahakamani mwaka 2011 na Kituo cha Afya, Haki za Binadamu na Maendeleo, CEHURD, pamoja na wenzake, baada ya akina mama wawili kufa katika uzazi: mmoja Mityana mwaka 2009, mwingine, aliyekuwa diwani, Arua mwaka 2010. Mwaka 2012 Mahakama ya Katiba ilikataa kuisikiliza kesi. Hayo, ilisema, ni ya wanasiasa, si ya majaji. Kwa maneno mengine, akina mama wale walikuwa wakazi wa mji wa Feinberg. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikaamuru kesi isikilizwe, na Agosti 2020 ndipo ilipoamuliwa kwamba serikali kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi ni kuvunja haki. Ikaagizwa itenge fedha za kutosha, na familia zilipwe.

Haki ya kura mtu huidai akiwa amesimama kwa miguu yake. Tiba huihitaji akiwa amelala, anavuja damu, au amemshika mwanawe mkono, na saa hiyo atasema asante kwa lolote. Basi lazima idaiwe saa nyingine, na mara nyingi idaiwe na mtu mwingine. Rafiki yangu alikuwa sahihi kuhusu wodi. Kuhusu siku nyingine zote za mwaka, nadhani hakuwa sahihi.

Juzi shangazi alikuja Kikoni kutuletea matoke, mjukuu mgongoni. Nikamsimulia kesi ile kwa Kiganda changu cha Bukoba. Akauliza swali la kisheria kabisa: hukumu inahusu glavu, au inahusu waliokufa tu? Nikamweleza kuwa inahusu huduma za msingi za uzazi, vifaa vikiwemo, nchi nzima. Akanipa simu yake nimwandikie namba. Nikaandika: Ombi la Kikatiba namba 16 la mwaka 2011.

"Na kwenu Bukoba, mama akienda kujifungua, glavu hununua?"

Nikamjibu kwamba mara nyingi hununua.

"Basi kesi yenu ninyi ni namba ngapi?"