Mauti Yasiyoua: Maombolezo na Mchezo katika Tales of Kenzera: ZAU, Yakitazamwa kutoka Kwale

Tarehe 23 Aprili 2024 ilitolewa kazi ambayo mhakiki wa fasihi ya Kiswahili hana budi kuitupia jicho, ijapokuwa imezaliwa nje ya kitabu na nje ya jukwaa. Nayo ni Tales of Kenzera: ZAU, mchezo wa video wa njozi unaochezwa kwenye mitambo ya PlayStation 5, Xbox na Nintendo Switch, na kwenye kompyuta pia. Umetungwa na Surgent Studios chini ya uongozi wa Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, na mazungumzo yake yanaweza kusikilizwa kwa Kiswahili. Salim ameeleza hadharani kwamba kazi hii ilitokana na kufiwa na baba yake. Mwaka 2025 ilipata tuzo ya BAFTA inayotolewa kwa michezo inayovuka mipaka ya burudani.

Wengi walioutathmini mchezo huu waliupima kwa wepesi wa mapigano yake, uzuri wa picha zake na saa unazochukua kumalizika. Vipimo hivyo vina mahali pake. Hata hivyo, kazi inayodai kuwa ni maombolezo inastahili kuulizwa swali zito zaidi: je, inawezekana kumwomboleza marehemu kwa mchezo bila kumfanyia marehemu huyo mzaha?

Kisa chake ni hadithi ndani ya hadithi. Zuberi, kijana wa mji wa Amani wa zama zijazo, amefiwa na baba. Mama yake anampa kitabu alichokiandika marehemu, na ndani ya kitabu hicho yumo Zau, mganga kijana ambaye naye amefiwa na baba. Zau anamwita Kalunga, mungu wa mauti, na kuwekeana naye mapatano: atamletea mizimu mitatu mikubwa, naye Kalunga atamrudisha baba. Kwa vinyago viwili alivyorithi, kimoja cha jua na kingine cha mwezi, Zau anaingia safarini. Dhamira inajitokeza mapema. Mapatano yale ni ya mtu aliyekataa kusadiki kilichotokea, na safari nzima ni ya kumfikisha mahali pa kusadiki.

Hapo ndipo fani inapoanza kubishana na maudhui. Katika kisa, kifo ni cha mara moja na hakina dawa. Katika uchezaji, Zau hufa ovyo: huanguka kwenye miiba, huungua, huzidiwa na maadui, na kila afapo hurejeshwa hatua chache nyuma akiwa mzima, tayari kuruka tena. Baba amekufa mara moja na ulimwengu umesimama. Mwana amekufa mara sitini kabla ya magharibi na hakuna aliyetandika jamvi. Mchezaji anayeambiwa na maneno kwamba mauti hayana marejeo, vidole vyake vinafundishwa kinyume chake.

Itajibiwa kwamba hii ni kanuni tu ya utanzu, kama vile hadhira ya tamthilia isivyouliza kwa nini mhusika anazungumza peke yake mbele ya watu mia mbili. Jibu hilo lina uzito, ila halitoshi. Kanuni ya utanzu haina madhara pale tu isipoigusa dhamira yenyewe. Mchezo wa mbio za magari ukimfufua dereva haujakosea chochote, kwa kuwa haukuahidi kusema neno lolote juu ya kufa. Kazi iliyojengwa juu ya kifo haiwezi kukitumia kifo kama adhabu ndogo ya kukosea hatua, kisha itazamie kuaminiwa.

Kiswahili chenyewe kinatoa njia ya kulifikiri jambo hili, kwa kuwa neno mchezo halikuwahi kuwa kinyume cha uzito. Ngoma huchezwa, tamthilia ni mchezo wa kuigiza, na pepo akipanda kichwani mwenye naye hucheza. Ebrahim Hussein aliliona hilo vizuri katika Mashetani (1971). Vijana wawili, Juma na Kitaru, wako chini ya mbuyu na wanaamua kucheza, mmoja awe Shetani na mwingine Binadamu. Mchezo unakwisha, lakini Kitaru anaugua, na ugonjwa wake ndio unaoibeba tamthilia iliyosalia. Mchezo wa Hussein una gharama: aliyeucheza hatoki kama alivyoingia. Gharama ya namna hiyo ndiyo inayokosekana kila Zau anaporejeshwa akiwa mzima.

Kwa kuwa kazi ya Salim inajitambulisha kuwa imechota katika masimulizi ya Wabantu, ni halali kuipeleka mahali ambapo wafu wa Kibantu wana makao yanayojulikana na kuitazama kutoka hapo. Pwani ya kusini ya Kenya ni mahali pa namna hiyo. Karibu na Diani uko msitu wa Kaya Kinondo, mojawapo ya kaya za Wamijikenda zilizoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Mgeni hufungwa kaniki nyeusi kabla ya kuingia, na haruhusiwi kutoka na kitu, hata jani lililokwisha kuanguka. Mzimu wa hapo ni wa hapo. Hauchukuliki.

Mizimu ya Kenzera, kinyume chake, imechukuliwa kutoka mbali na kuwekwa pamoja. Impundulu, ndege wa radi, ni wa Wazulu na Waxhosa. Kikiyaon anatoka Senegali na Gambia. GaGorib ni wa Wakhoikhoi, ambao si Wabantu hata kidogo. Kalunga ni jina ambalo kwa Wakongo na watu wa Angola huhusishwa na mauti na maji yanayotenganisha walio hai na waliokufa. Mtambaji wa ngano naye huazima, na hakuna haja ya kumshtaki msanii kwa kosa ambalo kila bibi mwenye wajukuu amelifanya. Lakini kuazima jina ni jambo moja, na kukiondoa kiumbe mahali pake ni jambo jingine. Kaskazini zaidi, kwa Wagiriama, vigango vilivyosimikwa kwa ajili ya wazee waliofariki viliibwa na kuuzwa hata vikaishia katika makumbusho ya Marekani. Viwili vilirudishwa mwaka 2007. Huko makumbusho vilitazamwa kama sanaa nzuri, na kwa kweli ni sanaa nzuri. Kwa jamaa waliovisimika, mzee alikuwa amehamishwa.

Tofauti kubwa zaidi baina ya Kwale na Kenzera, hata hivyo, imo katika fikra ya kufiwa. Mchezo unampa Zau njia mbili tu: kumrudisha baba au kumwachilia. Aliyeshindwa na ya kwanza hujifunza ya pili, na kujifunza huko ndiko kunakoitwa kupona. Mdigo au Mduruma aliyekaa hanga anaijua njia ya tatu. Marehemu harudi, wala haachiliwi. Huwa koma. Huja ndotoni, huulizia nyumba, huomba sadaka, na akisahauliwa hunung'unika. Wadigo walio wengi ni Waislamu, na khitima husomwa nyumba ileile ambamo koma hukumbukwa, bila kila mwenye nyumba kuona kwamba anafanya mambo mawili yanayogombana. Huzuni hapa si maradhi ya kuponywa kwa safari ya ushujaa. Ni uhusiano unaobadilika sura, wenye wajibu na ratiba yake.

Haifai kudai kwamba Kenzera haijui hili kabisa. Kitabu anachopewa Zuberi ni cha nini kama si hicho? Baba hakurudi na hakwenda. Amekaa ndani ya maandishi, na mwana anamtembelea kwa kusoma. Kwa hiyo fremu ya hadithi iko karibu na Kwale kuliko kisa kinachozungukwa na fremu hiyo.

Na kuna mahali pamoja ambapo fani yenyewe, si maneno tu, inaiheshimu dhamira. Hapa na pale katika safari imepandwa mibuyu. Zau akifika anaweza kuketi chini yake na kuzungumza juu ya baba, juu ya hofu, juu ya hasira. Hapigani na hapati silaha. Akiinuka, kipimo cha uhai wake kimerefuka. Michezo ya aina hii huongeza nguvu kwa anayeua, na hapa anaongezewa anayekaa na msiba wake. Kwa msomaji wa pwani, ambako mbuyu hupitwa kwa adabu kwa kuwa haijulikani nani anaishi ndani yake, uteuzi wa mti huo una uzito hata kama mtunzi aliuchagua kwa umbo lake tu. Dakika hizo chache zina thamani kuliko vita vyote na Impundulu.

Katika vibanda vya gemu vya miji kama Ukunda, ambako vijana hulipia muda na kugombania pedi, soka ndiyo inayotawala, na si rahisi kumwona mtu akilipa ili mhusika wake aketi chini ya mti. Mchezo wenyewe haumlazimishi. Mchezaji mwenye haraka anaweza kuipita mibuyu yote, akapigana hadi mwisho wa kisa, akasikia yale yale yanayosemwa juu ya kukubali. Atafika huko akiwa na uhai ule ule mfupi aliotoka nao nyumbani.