Tusiwarithishe watoto kususiana



Kila uchaguzi unapokaribia Zanzibar, huulizwa wanasiasa wanataka nini. Wazazi hatuulizwi. Wale ninaozungumza nao tunapowasubiri watoto watoke chuoni wana vyama vyao, lakini hofu yao ni moja: nikifa, jirani yangu atakuja kunizika?

Hofu hiyo ina sababu. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1995, ambao matokeo rasmi ya urais yalikuwa asilimia 50.2 kwa 49.8, watu walisusiana maziko na harusi. Duka la huyu halinunuliwi, daladala ya yule haipandwi. Mtoto wa miaka saba alijua nani asimsalimie. Nani alimfundisha? Mikutano ya hadhara hakuhudhuria. Aliyasikia nyumbani, watu wamezunguka sinia. Tarehe 26 na 27 Januari 2001 watu wakauawa kwa risasi, na zaidi ya 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya.

Mtume (SAW) ametaja haki za Muislamu juu ya Muislamu mwenzake, zikiwemo kumrudishia salamu, kumtembelea akiugua na kulifuata jeneza lake. Hakuweka sharti la kadi ya chama. Na katika Suratul Hujuraat, aya ya 11, Allah (SW) amekataza kudharauliana na kuitana majina mabaya. Sisi tunamwita mwenzetu "Hizbu" mbele ya watoto, kisha tunakwenda kuswali naye safu moja!

Sisemi tusiwe na vyama, wala tunyamazie dhulma. Aliyedhulumiwa kura adai haki yake, na aliyeuliwa mwanawe hana wa kumwambia asahau. Lakini tarehe 31 Julai 2010, asilimia 66.4 ya waliopiga kura ya maoni waliikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Hao si viongozi, ni akina baba na akina mama wa mitaani. Serikali hiyo ikavunjika baada ya kufutwa uchaguzi wa 2015, ikarudi Desemba 2020. Wakubwa wanaweza kugombana na kupatana Ikulu. Sisi tunaogawana kisima na ukuta tutakwenda wapi?

Maimamu wetu, ombi langu kwenu ni dogo. Msiba ukitokea, mwambieni yule baba anayebakia barazani kwa ajili ya rangi ya bendera kwamba mwanawe amekaa pembeni yake, anamtazama.