Yule Achaguliwaye Mwisho

Katika hadithi za watoto zielezazo habari za michezo ya shule, mara nyingi twakuta kisa cha namna moja. Mtoto mgeni, au mnyonge, au mwenye kilema, hukataliwa na wenzake. Siku moja timu hupungukiwa na mtu. Naye huingizwa, hufunga goli, na wenziwe humbeba mabegani. Kisa hiki chapendeza, walakini twauliza: kama asingalifunga goli, je, wangalimfanya rafiki yao?

Maana kisa hicho chafundisha mambo mawili. Jema ni hili, ya kuwa tusimdharau mtu kwa kumtazama tu. Baya ni hili, ya kuwa mnyonge sharti aununue urafiki kwa ushindi wake.

Hapa Kifanya, kama penginepo pote, watoto wakitaka kucheza mpira, wawili walio hodari husimama na kuchagua wenzao mmoja mmoja kwa zamu. Yuko daima abakiaye mwisho. Huyo hakuchaguliwa, amesazwa. Ni kweli, mpira wa miguu una nafasi 11 kwa kila upande, na netiboli 7. Lakini sheria za michezo ziliwekwa na watu, na watu waweza kuzitengeneza.

Tutazame mpira wa goli. Mchezo huu ulianzishwa Ulaya mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopofuka vitani, nao umekwisha kuchezwa hata katika UMITASHUMTA, mashindano ya shule zetu za msingi. Kila upande una wachezaji 3. Ndani ya mpira mna kengele, nao huufuata kwa masikio. Wote hufunikwa macho, hata aonaye kidogo, ili pasiwe na amzidiye mwenzake; na watazamaji hunyamaza kimya mpira uchezwapo. Hapo asiyeona hangojewi afanye ajabu ndipo akubaliwe. Nafasi yake hutangulia, na ustadi hufuata.

Basi, walimu na wazazi, atakayeiwakilisha shule katika mashindano na achaguliwe kwa uwezo wake. Hiyo ni haki. Lakini mchezo wa jioni si mashindano. Pale, aliyesazwa jana na awe mchaguzi leo. Tena mkiwasomea watoto kisa kile, waulizeni: Kama angalikosa goli, mngalimtendeaje? Jibu lao litatuonyesha kama tumelea marafiki, au washangiliaji tu.